Swali la Mtani

Siku ya kwanza nilipoingia Jumba la Pacha nilikuwa nimejiandaa na vichekesho sita. Sikutoa hata kimoja.

Unashuka kwa lifti dakika nne nzima, ndani ya shimo ambalo zamani lilikuwa mgodi wa almasi. Masikio yanaziba, unameza mate, yanazibuka. Mlango unafunguka, na chini ya miguu yako, chini ya sakafu ya kioo, imelala nchi yote. Ramani nimeziona, darasani kwetu tulikuwa nayo moja imetobolewa na panya kuanzia Kigoma mpaka Tabora. Hii haikuwa ramani. Zilikuwa taa milioni tisini na nne, kila taa mtu mmoja, na kila mtu yuko palepale alipo kweli saa hiyo. Ziwa Viktoria lilikuwa jeusi tii, limezungukwa na mwanga kama mboni ya jicho. Dar es Salaam huwezi kuitazama moja kwa moja. Barabara ya kwenda Morogoro ilikuwa inatiririka. Kila baada ya sekunde kadhaa taa mpya ilichomoza mahali, ndogo, inatetemeka: mtoto kazaliwa, labda Bariadi, labda Newala, na kitovu hata hakijakauka. Na mahali pengine moja ilizimika. Bila sauti. Ukikodoa macho pale ilipokuwa, huoni kitu ila giza dogo, na hilo nalo linamezwa na taa za jirani.

Nilisimama pale na viatu mkononi. Niliogopa kuwakanyaga.

"Mngoni, funga mdomo," sauti ikasema nyuma yangu. "Huku chini inzi ni wachache, utawamaliza."

Alikuwa mzee mrefu, mkavu, kavaa suti ya zamani na kabana mto wa kukalia kwapani. Zakayo Kihwele, muuguzi mstaafu kutoka Ifunda, mwenyekiti wa Baraza la Kitita. Mhehe. Kwa hiyo, mtani wangu.

"Shikamoo babu," nikasema. "Huo mto wa nini? Bado mnaogopa kulala ugenini tangu tuwafukuze?"

"Marahaba. Nani alimfukuza nani? Babu zako walikimbia mpaka wakasahau ngao. Tunazo hadi leo, tunaanikia ulezi."

Basi tukawa tumefahamiana.

Kazi yangu ilikuwa ya kisheria, ingawa shangazi yangu mpaka leo anaamini niliighushi ile barua ya kuniita. Kitita ndiyo orodha ya huduma ambazo kila mtu nchini anatibiwa bila kuulizwa wewe ni nani. Kilichomo, unapata. Kisichokuwemo, unaomba Mungu. Na kitita hakiwezi kubeba kila kitu, maana wauguzi ni hawahawa, umeme ni huuhuu na magari ni yaleyale. Kwa hiyo kila mwaka wananchi kumi na mmoja wanaokotwa kwa bahati nasibu wakae na mashine, waamue kiingie nini na kitoke nini.

Baraza la kwanza halikuwa na mtani. Profesa mmoja akasimama na miwani yake, akapendekeza huduma ya kunyoosha meno. Kila mtu aliona ni upuuzi, na kila mtu akasema, "Tunamshukuru profesa kwa mchango wake." Mwaka mzima nchi ilinyoosha meno huku wajawazito wakipakiwa kwenye pikipiki kwenda kujifungua. Ndipo ikatungwa sheria: mwenyekiti akitoka kabila fulani, atafutwe mtu wa kabila la watani wake, akae pembeni yake. Mtani hapigi kura. Ila anaruhusiwa kukalia kiti cha yeyote, kula kwenye sahani ya yeyote, na kuuliza swali moja ambalo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuliza. Akishauliza, mwenyekiti atamhoji mara tatu: unatania au unasema kweli? Akisema "natania," swali linafutwa kana kwamba halikuwahi kutoka mdomoni.

Mwaka huo mwenyekiti akawa Mhehe, bahati nasibu ikaangukia Wangoni, na katika Wangoni wote ikaniangukia mimi, Edeltruda Gama, miaka ishirini na tatu, fundi wa pampu za maji, kidato cha sita daraja la tatu.

*

Siku ya tano ilibaki nafasi moja kwenye kitita.

Injinia Sabra, mwanamke wa Tanga mwenye sauti ndogo, ndiye aliyekuwa anaiendesha mashine. Alitueleza siku ya kwanza, na nitawaeleza kama nilivyoelewa. Kila mtu nchini, toka mzee mpaka mtoto aliyezaliwa sasa hivi, anawekwa ushanga chini ya ngozi ya mkono. Ushanga unaisoma damu: sukari, shinikizo, figo, ini, kila kitu. Mashine inapokea, inatengeneza mwili wa pili unaofanana na wako, pacha wako, na pacha huyo inaweza kumkimbiza mbele miaka thelathini kwa dakika moja uone atafikia wapi. Rangi ya taa nayo ina maana. Nyeupe ni mtu asiye na maumivu. Njano, anaumwa kiasi. Nyekundu, anaumwa sana.

Nchi yetu ilikuwa nyeupe pe. Nilijisikia fahari.

"Ombi la kwanza," Injinia Sabra akasema. "Figo za kuoteshwa maabara. Tutazame kwanza bila huduma hiyo."

Akaweka alama kwa wagonjwa wa figo peke yao, halafu akakimbiza miaka. Taa elfu kumi na tisa zikaanza kuzimika, huku moja, kule tatu, kama mvua inayonyesha kinyumenyume. Sheria inakataza kutaja majina, na mashine haiyaonyeshi. Lakini mimi Namtumbo naijua. Ukitoka mjini kuelekea ghala la tumbaku, nyumba ya mwisho upande wa kushoto, kuna taa mbili: shangazi yangu na baba yangu, Kastory Gama, mkulima wa mahindi. Baba anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mishipa yake imeshachoka kuchomwa. Taa yake ilizimika mwezi wa saba kuanzia siku ile. Hata mwaka haukuisha.

"Sasa tuweke figo," akasema.

Miaka ikakimbia tena. Safari hii hazikuzimika. Zilisimama imara, elfu kumi na tisa, Mwanza, Lindi, Ngara, na ile ya Namtumbo katikati yao. Mwaka wa tano ipo. Wa kumi ipo. Ilifika mwaka wa ishirini na moja ndiyo ikalala, tena taratibu, kama mtu aliyeshiba.

Mama mmoja wa baraza, muuza mitumba wa Mpanda, alijifunika uso kwa kanga.

"Uzito, mia nne na kumi," akasema Injinia Sabra, akitaja alama ambazo mashine hulipa kila ombi. "Ombi la pili. Huduma ya maumivu nyumbani. Muuguzi anamfikia mgonjwa asiyepona, kijijini kwake, na dawa kali ya kutuliza, ambayo leo inapatikana ukiwa umelazwa hospitali ya mkoa tu."

Akaiweka. Akakimbiza miaka. Hakuna hata taa moja iliyobadilika. Zilizozimika zilizimika kwa wakati wake, na rangi ilibaki ileile.

"Uzito, tatu."

"Tatu!" nikasema. "Hata mtihani wangu wa fizikia ulipata zaidi."

Wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu baba yangu ataishi. Mwenyekiti akatangaza mapumziko ya chai. Kura baadaye.

*

Kwenye chai nilitumia haki yangu nikachukua chapati ya Mzee Kihwele. Hakunitukana. Hapo ndipo nikamtazama vizuri. Alikuwa kakalia ule mto, mkono kaushika ukingo wa meza, na jasho linamtiririka kwenye baridi ile.

"Babu, unaumwa?"

"Saratani," akasema, kama mtu anayetaja jina la jirani. "Imeingia kwenye mifupa ya kiuno. Matibabu nimemaliza, sasa imebaki yenyewe na mimi."

Niliona aibu kwa ile chapati. Nikafanya ninachofanya nikiona aibu, nikatania. "Basi twende nikaione taa yako. Lazima inawaka kama mkaa."

Mjumbe anaruhusiwa kuitazama taa yake mwenyewe. Tukasogea ukingoni, akagusa kioo kwa kidole, kioo kikatuletea karibu lile shimo tulimokuwa. Taa chache. Moja ikazungushiwa duara.

Ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama maziwa, kama taa ya bwana harusi.

"Mhehe," nikasema, "hata taa yako inadanganya."

Yeye mwenyewe alishangaa. Alipiga magoti, kwa shida, akaitazama kwa karibu. "Sijui," akasema. "Sijui kabisa. Maumivu hayaonekani kwenye damu, hilo najua. Ushanga lazima umuulize mtu. Na asubuhi uliniuliza."

"Ulikuulizaje?"

"Kwa heshima. Uliniamkia, nikaitika marahaba. Ukasema, habari za kuamka?"

"Ukajibu nini?"

"Nzuri."

"Babu! Nzuri?"

"Sasa ningejibu nini, Mngoni wewe? Nimesalimiwa! Mtu anakusalimia unamrukia na kiuno? Unasema nzuri kwanza, halafu ndiyo unaeleza. Nikasema nzuri, ila... Wenyewe ukawa umeshasema asante, siku njema. Mimi ndiyo kwanza nafungua mdomo."

Tulitazamana.

Halafu wote wawili tukaitazama nchi chini yetu. Nyeupe yote. Nyeupe kutoka Kagera mpaka Mtwara, watu milioni tisini na nne wenye adabu zao, wamesalimiwa asubuhi na wamejibu kama walivyolelewa. Nilikuwa nimejivunia salamu, si afya.

Injinia Sabra alikuwa nyuma yetu na kikombe chake. Hakunywa. "Ile salamu niliiandika mimi," akasema. "Mwanzoni mashine ilikuwa inauliza moja kwa moja, unaumwa wapi? Mama yangu akasema kitu kisichojua kusalimia atakitupa chooni. Nikaona ni kweli."

"Na yale ya baada ya 'ila' yanaenda wapi?" nikauliza.

"Ushanga unaaga, lakini unaendelea kusikia kidogo. Unahifadhi. Haupimi. Sauti za watu zimefungwa kisheria, mimi siwezi kuzifungua." Akaniangalia. "Wala baraza haliwezi."

Nilielewa nani anaweza. Kwa mara ya kwanza toka tukutane, Mzee Kihwele alikwepa macho yangu.

"Mwenyekiti haruhusiwi kuuliza jambo la mwili wake," akasema. "Na wewe sikuombi. Juzi ulinieleza habari za baba yako. Nimesahau kila kitu tulichoongea hapa. Nenda kapumue."

*

Nilipanda juu. Jua la saa sita lilinipiga usoni, nikakaa kwenye kivuli cha mnara wa lifti, nikapiga simu Namtumbo.

"Truda! Habari za huko?"

"Nzuri, baba. Hujambo?"

"Sijambo kabisa. Redio imesema figo zinaongoza, ni kweli?"

"Ndiyo zinaongoza."

"Basi sawa. Nimeshamwambia jirani yetu Nchimbi asikodi tena lile shamba langu la bondeni, msimu ujao nalilima mwenyewe. Amenicheka. Nimemwambia subiri."

Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayeruhusiwa maji nusu lita kwa siku. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu sijakisikia miaka miwili. Alikuwa anapanga mambo.

"Baba, Mama Tilda wa jirani anaendeleaje?"

"Aa, yule mama. Titi limemwoza, mwanangu. Jana alilia mpaka kuku wakatoka bandani. Asubuhi nikapita kumjulia hali. Nikamwambia, habari za kuamka, mama? Akasema nzuri." Akaguna. "Nzuri! Kauma upande wa kanga, kaulowesha, anasema nzuri."

Nilikuwa nataka mtu aniambie jambo la kufanya, na mtu niliyezoea kumuuliza ndiye huyo niliyekuwa naongea naye.

"Mbona kimya?" akasema. "Wahehe wamekula ulimi wako?"

"Mtandao, baba," nikasema.

*

Wajumbe walikuwa wameshakaa. Mzee Kihwele alikuwa kashika kitufe cha kufungulia kura. Nilinyoosha mkono.

"Mtani anauliza," nikasema. "Naomba salamu za leo zifunguliwe. Kila mtu aliyesema nzuri halafu akaongeza neno, hilo neno la kuongeza lipimwe."

Injinia Sabra hakuuliza mara mbili. Akazima taa za ukumbini.

Kwanza ilikuja sauti. Alizifungua zote kwa pamoja, kwa chini sana, kwa mpangilio walivyoamka: zilianzia Mtwara, jua linapoanzia, zikasogea kuelekea magharibi. Mwanzoni ilikuwa kama mvua ya mbali juu ya bati. Kisha ikakaribia, na ndani ya ile mvua ukaanza kuokota maneno. Nzuri, ila mgongo. Nzuri, ila sijalala. Nzuri tu, ila huyu mtoto wangu. Nzuri, namshukuru Mungu, ila. Wazee, wasichana, mtu anayecheka huku anasema, mtu ambaye baada ya "ila" hana neno, anahema tu. Mamilioni. Nimesimama juu ya vichwa vyao na wote wananong'ona.

Na nyuma ya sauti ikaja rangi. Mtwara ikaguswa, Lindi ikaguswa, nyekundu ikafuata alfajiri ikivuka nchi kama moto unaokwenda polepole chini ya majivu, Morogoro, Dodoma, Singida, inapanda Usukumani, inazunguka ziwa, inateremka Kigoma mpaka ukingoni kabisa mwa maji. Haikuwa nchi tuliyoiona asubuhi. Ilikuwa ileile, watu walewale. Taa milioni moja na laki nane, nyekundu kama makaa, na zilikuwepo siku zote tano tulizokuwa tunakunywa chai juu yake.

Muuza mitumba wa Mpanda alisema, "Mungu wangu," si kwa hofu. Alisema kama mtu aliyefunguliwa mlango wa mahali patakatifu bila kuwa amejiandaa. Taa ya Mzee Kihwele, pale shimoni, ilikuwa inawaka kuliko zote za karibu.

"Huduma ya maumivu nyumbani," Injinia Sabra akasema. "Naiweka."

Akakimbiza miaka. Zile nyekundu zikaanza kupoa, njano, kisha nyeupe, safari hii nyeupe ya kweli. Zilikuwa zinazimika bado. Hakuna aliyeongezewa hata siku. Lakini zilizimika zikiwa nyeupe, moja baada ya nyingine, bila kupaparika, nchi nzima. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na sijui kama ni halali kukiita kizuri.

Ile ya Namtumbo ilizimika mwezi wa saba. Niliitazama mpaka mwisho.

"Uzito, mia tisa na sitini."

Mzee Kihwele akasimama, kashika meza kwa mikono miwili.

"Mtani," akasema, "unatania au unasema kweli?"

"Nasema kweli."

"Mtani, unatania au unasema kweli?" Sasa alikuwa ananitazama machoni, na macho yake yalikuwa yanasema kitu kingine. Yalikuwa yananiambia, tania, mjukuu wangu. Hakuna atakayekulaumu, tania tu. Mtu huyo taa yake ilikuwa inaungua miguuni kwake, na alikuwa ananipa njia ya kutokea.

Vichekesho ninavyo. Vyote vilinijia, vimejipanga foleni.

"Nasema kweli, babu."

Mara ya tatu aliuliza kwa sauti ambayo sikuisikia vizuri, nikajibu kwa sauti ambayo nadhani hakuisikia pia. Lakini iliandikwa. Kura zikawa tisa kwa mbili, huduma ya maumivu ikapita.

*

Baba alipokea simu kabla haijaita mara ya pili.

"Nimesikia," akasema. "Redio imesema kuna mtani kauliza swali. Binti wa Kingoni. Nikasema mabinti wa Kingoni wako wengi."

"Ni mimi, baba."

"Najua ni wewe. Shangazi yako ametoka nje, hataki kuongea na mtu. Nchimbi kaja kunipa pole, nimemfukuza."

Nilimsikia akivuta kiti, akikaa, akipumua.

"Baraza linakaa tena lini?"

"Mwakani. Mwezi kama huu."

"Na mashine yenu ilinipa miezi mingapi? Usinifiche, umeshanizoesha vibaya leo kwa kusema kweli."

"Saba."

Nilisikia jogoo wa mtu, na mbali kidogo, redio bado inaongea.

"Saba kwa kumi na mbili," akasema mwishowe. "Hiyo mashine haijawahi kusubiri mbolea ya ruzuku. Mimi nimeisubiri misimu miwili, Truda, na siku ilipofika walinikuta nimesimama kwenye foleni."

Alicheka peke yake. Mimi sikuweza.

"Mama Tilda nimemwambia," akasema. "Kaniuliza muuguzi anakuja lini. Mara tatu kaniuliza. Sasa acha kulia, unamaliza salio. Niambie hizo taa. Redioni wanasema watu wazima walilia. Zikoje?"

Nikakaa chini kwenye vumbi, mgongo nimeuegemeza kwenye mnara, nikaanza kumsimulia taa, nikianzia Namtumbo.